Kosa Langu Msinipokonye

Mvua kubwa ikianza kupiga mabati ya mtaa wetu wa Sekei, watu hukimbilia kuanua nguo. Mama mkwe wangu yeye alikuwa anakimbilia bandani. Alivaa mabuti ya mpira yaliyokuwa ya marehemu baba mkwe, akajifunga kanga ya pili juu ya kilemba, akachukua chepe na kwenda kuzibua tundu chini ya ukuta wa banda la ng'ombe wake. Yote aliyoyatoa yule ng'ombe tangu mvua iliyopita yakashuka kwenye mtaro wa barabarani na kwenda zake na maji. Kisha mama akarudi jikoni amelowa chapachapa, ananukia mnavyojua wenyewe, uso umemchangamka, akaomba chai.

"Mama, hayo yanakwenda kwa watu," nilimwambia zaidi ya mara moja.

"Yanakwenda mtoni."

"Na mtoni hakuna watu?"

"Huko chini," alisema, akipunga mkono utadhani huko chini ni nchi nyingine na wana rais wao.

Sitaki mumwone mchafu. Mama ni msafi kupita mimi, na hilo ameshanieleza mara nyingi. Kwao Kibosho kinyesi cha ng'ombe kilikuwa mali, kilikwenda kwenye migomba na hakuna aliyewahi kukiita takataka. Hapa mjini migomba yetu ni ile michache nyuma ya jiko, na imeshashiba. Ng'ombe hajui kama amehamia mjini. Anaendelea kutoa vilevile.

Na ng'ombe hatukumtaka sisi. Baba mkwe alipofariki, mume wangu alikwenda kumwomba mama yake aje tukae naye. Mama akakubali, ila akasema haji peke yake. Tukadhani anamzungumzia binti wa kazi, nikaandaa kitanda. Siku ya kuhama kenta ilisimama getini, mama amekaa mbele na dereva, ng'ombe amesimama nyuma anatuangalia. Mume wangu ana duka la spea za magari na ni mtu mpole, lakini siku ile alishika kichwa. Tangu hapo amekuwa akipulizia manukato kwenye kola kabla ya kwenda dukani, na kila akipuliza ananitazama mimi.

Basi masika moja wingu lilishuka kutoka mlimani, jeusi, zito, na mvua ikaanza kwa hasira. Mama akavaa mabuti. Akazibua. Wote tunaoishi chini ya Meru tunajua kwamba mvua ya huku si ya kuaminiwa, inaweza kukutisha ukafunga madirisha yote halafu ikaenda kunyeshea Tengeru. Siku hiyo ilifanya hivyo hivyo. Mama hajamaliza hata kusukuma kwa chepe, mvua ikakata. Jua likatoka. Na lile tope la samadi likabaki kwenye mtaro bila maji ya kulisindikiza, likawa linajivuta polepole kuteremka mtaa mzima, kila nyumba inaliona.

Lilifika hadi kwenye kona ambapo mtaro umeziba, likafurika na kuingia kwenye kitalu cha miche cha jirani yetu. Huyu ni mama wa Kiarusha, mzaliwa wa upande wa magharibi ya mlima, anauza miche ya parachichi, migrivelia na maua kwenye kile kipande kati ya barabara na kijito. Samadi mbichi huunguza mche mchanga, hilo kila mkulima analijua. Alipanda hadi kwetu kwa miguu, ndala mkononi. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya, maana kelele nami ninazo.

"Mwalimu," aliniambia, "shuka uone."

Nilishuka, nikaona, nikaumia. Mistari mizima ya viriba, ile mifuko myeusi ya nailoni ya kuoteshea miche, ilikuwa imezama. Na kabla sijapata neno la kusema, nikamwona afisa afya wa kata anapanda akifuata mtaro, leso puani. Ni msichana wa Kanda ya Ziwa, alikuwa hajamaliza hata mwaka kwetu, na siku hiyo alikuwa akikagua vyoo vya mtaa wa pili. Hakuhitaji kuuliza njia, alifuata harufu hadi ukutani kwetu.

Mume wangu alikuwa amekuja kula mchana. Tulisimama wote uani, mama akiwa bado na mabuti yake na chepe.

"Mwenye kaya ni nani?" afisa aliuliza.

"Ni mimi," alisema mume wangu.

"Aliyezibua ni mimi," alisema mama.

"Shikamoo, bibi. Wewe pumzika tu," alisema yule binti, kwa adabu kabisa, akamgeukia mume wangu.

Mume wangu naye, badala ya kunyamaza, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri. "Mzee huyu, afisa. Umri umekwenda. Wakati mwingine hata hajui anachofanya."

Mama alisikia. Alilaza chepe ukutani, akavua mabuti, akayapanga vizuri mlangoni na kuingia ndani bila neno. Mimi nilimjua mama mkwe wangu kwa kelele zake.

Mambo yakamalizwa haraka haraka. Sheria ndogo za jiji zinakataza kutiririsha maji machafu barabarani, kuna faini, na mifugo ikiwa kero kwa majirani inaweza kuondolewa. "Tutamwondoa," mume wangu alisema kabla afisa hajafunga mdomo. "Nina mdogo wangu kule Olmotonyi, ana nafasi ya kutosha." Afisa akaridhika. Kesho yake twende ofisi ya kata tukathibitishe mbele ya mtendaji, yaishe. Nilimtazama mume wangu akitembea kurudi garini. Alikuwa anatembea kama mtu aliyepona jino.

Asubuhi nilimkuta mama bandani anakamua. Hakuwa amekula tangu jana. Paji la uso alikuwa ameliegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe, na maziwa yalikuwa yakilia ndooni taratibu.

"Mwalimu," aliniita. Siku za amani huniita mwanangu. Mwalimu ni siku za vita. "Wewe unawafundisha watoto wa watu Uraia. Kichaa akifanya kosa, anafungwa?"

"Hafungwi, mama. Anapelekwa kutibiwa."

"Na mtoto mdogo?"

"Naye hafungwi. Anaulizwa mzazi wake."

"Haya. Jana mwanangu amesimama akaulizwa kwa ajili yangu. Sasa niambie, katika hao wawili, mimi ni yupi?"

Nimesimama mbele ya madarasa yenye watoto watundu kuliko nyani, lakini pale nilishika tu mlango wa banda.

"Na huyu," aliendelea, akimpigapiga ng'ombe mgongoni, "anahamishwa kwa kosa gani? Yeye amekunya tu. Akiacha kunya si ndiyo mtamwita daktari?"

Ndipo nilipoona kinachomtoa machozi, maana alikuwa anatoa machozi, ingawa angesema ni moshi. Ng'ombe alikuwa anaondoka, na hata ruhusa ya kumtetea mama hakuwa nayo, kwa sababu kosa lake lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwingine. Nikamwambia avae, twende wote. Mume wangu akipinga atanijua mimi ni binti wa nani.

Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Tulipofika mlangoni kwa ofisi ya kata akasimama ghafla, akajigusa kiunoni. "Nimesahau," alisema. Akaangaza huku na huku. Mbele ya ofisi kuna kibustani kilichozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na katikati pana kibao kinachokataza watu kukanyaga na kuchuma. Mama alikanyaga, akainama chini ya kile kibao, akachuma. Mlinzi alipiga yowe, lakini mama alikuwa ameshatoka na jani lake refu la kijani, analifuta vumbi kwa kitenge.

Lilikuwa jani la sale. Asiye Mchagga atauona ni mmea wa kuzungushia ua tu. Kwetu sale ndilo linalopandwa mipakani, na ndilo linalobebwa na mtu anayekwenda kuomba radhi. Ukiletewa sale humfukuzi aliyelileta, hata kama amekuchomea nyumba. Unalipokea, mnakaa, mnazungumza. Ukilikataa, watakaokulaumu ni wengi, na baadhi yao walishakufa zamani.

Tukaingia: mama mbele na jani, mlinzi nyuma yake kama shahidi wa Jamhuri, mume wangu wa mwisho, hajui atazame wapi. Mtendaji wa kata ni Mchagga wa Marangu, mwili mkubwa, sauti nzito. Mama alimnyooshea sale kwa mikono miwili. Mtendaji alinyanyuka nusu, akakwama hapo hapo, hakuketi wala hakusimama, na mikono akaificha mgongoni.

"Mama, tafadhali," alisema. "Usinipe hilo."

"Mheshimiwa, si ni jani tu?" afisa afya alishangaa.

"Wewe hujui! Nikilishika nimesamehe. Na mimi siwezi kusamehe hapa, hii ni ofisi ya serikali."

"Na limetoka wapi?" afisa akauliza.

"Bustanini hapo nje," mlinzi akajibu kwa furaha. "Nimemwona kwa macho yangu."

Kisha mtendaji akaanza kutikisika mabega, na yule binti naye akashindwa, akaficha uso kwa leso ile ile ya jana. Mama peke yake hakucheka. Alingoja wamalize, kama anavyongoja matangazo ya kanisani yaishe.

"Kuharibu bustani ya umma, hilo nalo ni kosa, bibi," afisa alisema akifuta macho.

"Andika," mama akasema. "Andika yote mawili. Lakini andika jina langu. Ng'ombe ni wangu, mavi ni ya ng'ombe wangu, na mvua nimeikosea hesabu mimi. Huyu hapa alikuwa dukani anauza breki. Mnamwandikaje mtu aliyekuwa anauza breki?"

Mume wangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga.

Nitamshukuru yule binti maisha yangu yote, maana aliweka kalamu chini, akavuta kiti, akamtazama mama machoni. Lilikuwa jambo dogo, lakini tangu jana hakuna aliyekuwa amelifanya.

"Bibi, ng'ombe ni mali yako?"

"Yangu. Hata kenta iliyomleta nililipa mimi."

"Na ulipozibua, ulijua kwamba ni kosa?"

"Nilijua. Nisingejua ningezibua juani. Kwa nini unadhani nilikuwa nangoja mvua?"

Mtendaji aliangua kicheko hadi kiti kikalalamika. Mimi nilifumba macho. Miaka yote naeleza darasani maana ya kutenda kosa kwa kujua, kumbe mfano ulikuwa nyumbani kwangu unakunywa chai.

"Basi, bibi," afisa alisema polepole, "mwenye mnyama ndiye anayewajibika. Kosa ni lako."

"Asante, mwanangu," mama alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ile akatabasamu.

Lakini sale bado lilikuwa mkononi. Mtendaji akasema, huku mikono ikiwa bado mgongoni, kwamba lipelekwe kwa aliyeumizwa, maana samadi haikuingia ofisini kwake. Tukateremka wote hadi kitaluni, msafara mzima, na mlinzi akaacha lindo lake akaja, hakutaka kukosa mwisho.

Mama wa Kiarusha alikuwa amechuchumaa, anatenga miche iliyoungua. Mama mkwe wangu alimnyooshea jani. Jirani alilitazama, akamtazama mwenye nalo.

"Koko," alisema, ndivyo Waarusha wanavyomwita bibi, "sisi kwetu siyo hili. Kwetu ni nyasi."

"Ndilo nililonalo."

Jirani akafikiri kidogo. Akainama, akang'oa nyasi kando ya njia, akazishika mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akapokea sale. Mama akapokea nyasi. Wakabaki wamesimama hivyo, kila mmoja na msamaha wa mwenzake, na mimi nikaona aibu ya kulia mbele ya mlinzi.

"Nimekusamehe, Koko," alisema jirani. Kisha akageukia viriba vyake. "Lakini miche haijafufuka."

Hapo ndipo adhabu ilipotungwa, pale pale, tumesimama kwenye matope. Mama atajaza viriba na kuotesha kwa mikono yake mwenyewe mpaka kila mche uliokufa upate wa kushika nafasi yake. Ukutani kwetu tundu lizibwe kwa saruji na lichimbwe shimo la samadi lenye mfuniko. Jirani atachukua iliyooza kwa ajili ya kitalu. Shimo likikaguliwa likafaa, ng'ombe atabaki. Tope likionekana tena kwenye mtaro, anakwenda Olmotonyi na hakuna jani litakalomwokoa. Na kwa lile lililochumwa, mama apande masale mengine katika bustani ya kata. Mama alikubali yote kwa kuinamisha kichwa, mtulivu kabisa.

Mume wangu alinong'ona kwamba si ingelipwa faini tu yaishe. Nikamwambia wazi: faini ungeilipa wewe kwa simu, umesimama, hata chai yako haijapoa, na jirani angebaki na miche iliyokufa. Hilo ndilo linalonikera katika mambo haya. Kila wiki naona mtu anapunguza mwendo wa gari darajani, kioo kinashuka, mfuko wa taka za nyumbani unaruka mtoni, kioo kinapanda. Huyo hakamatwi, na akikamatwa anatoa noti na kuuliza kama kuna chenji. Hapo damu yangu huchemka. Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi, ni kweli, lakini basi tumkamate kila mwenye ngozi, na tumpe adhabu inayofanana na alichoharibu. Afisa aliponisikia aliniomba nije niseme hayo kwenye mkutano wa mtaa. Nimeshayasema, na nitayarudia.

Mume wangu alichimba shimo kwa Jumamosi kadhaa, analalamika, na lilipokamilika afisa alikuja, akafunua mfuniko, akafunika upesi, akasema limepita. Ng'ombe akabaki. Siku hiyo mama alimwongezea majani mabichi ya mgomba na kumweleza jambo refu kwa Kichagga. Sikulielewa lote, mimi ni wa Rombo na Kichagga chetu ni kingine, lakini nilisikia Ruwa, yaani Mungu, akishukuriwa.

Shimo lilikuwa limekwisha, viriba bado. Kila asubuhi baada ya kukamua mama aliteremka kitaluni na kigoda chake. Alichekecha udongo, akachanganya na mchanga, akajaza, akashindilia kwa vidole. Aligombana na wateja waliotaka kupunguziwa bei, wakati duka si lake. Siku moja kina mama wa usharika walipita, wakasimama kumsifu.

"Mama, unamsaidia jirani? Mungu akubariki."

"Simsaidii," mama alijibu bila kuinua kichwa. "Natumikia adhabu."

Walikohoa, wakaaga. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa limepata habari. Mume wangu aliimba nyimbo zote ameinamisha shingo. Mama alikaa kiti cha mbele, amenyooka, na aliyemuuliza alimweleza tangu mwanzo, pamoja na kipande cha mvua.

Kisha ikaja siku ya jua kali, lile la kukausha mate. Nilikuwa nimeteremka na mume wangu kumletea mama uji. Viriba vilivyobaki vilikuwa vichache, safu moja haikujaa. Mama alikuwa anahema kidogo, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko, na yule jirani alikuwa amesimama juu yake na mwavuli.

"Koko, inatosha sasa," alimwambia. "Nenda kapumzike. Kwa umri wako huu, hivi vilivyobaki nitavimalizia mwenyewe. Nitamwambia afisa umemaliza."

"Umri haukuzibua ukuta," mama alisema. "Nilizibua mimi."

Akavuta kiriba kingine, akakipuliza kifunguke. Mume wangu alikuwa kando yangu, amekamata chupa ya uji, na nilimwona uso ukimbadilika. Alikumbuka alichokisema uani. Hakusema samahani, watu wa kwao hawalisemi kirahisi neno hilo wakiwa hawana jani. Alinipa chupa, akakunja mikono ya shati lake la dukani, akachuchumaa kwenye udongo karibu na mama yake na kuchukua kiriba.

Mama alimpiga kofi dogo mkononi.

"Weka chini," alimwambia. "Wewe hukuhukumiwa."